Bei ya Mwenye Viatu

Mikidadi alikuwa fundi viatu, na mguu uliomharibikia ulikuwa wa kushoto. Wa kulia ulikuwa mzima kabisa. Mtu atasema hayo ni mambo madogo. Ndiyo, ni madogo, na ndiyo yaliyotukalisha kwenye benchi asubuhi nzima huku mwenzangu anaungua kwa homa.

Alikuwa akifanyia kazi kwenye kibaraza cha duka la Mhindi mmoja, Moshi mjini. Baba yake Mmanyema aliyeachwa na msafara, mama yake Mpare, yeye mwenyewe ukimuuliza kwao atakuonyesha kibaraza. Mimi nilikuwa mpita njia. Nilishafanya kazi ya reli, ya mkonge, ya kupasua kokoto za barabara, na kila nilipochoka nilirudi kwa Mikidadi, nikatandika mkeka baina ya ngozi na kopo la gundi. Mkewe, Mwantum, alikuwa akiniita mgeni asiyeisha, lakini chakula alinipa.

Ulikuwa wakati ule kahawa ilipopanda bei mpaka watu wa mlimani wakaanza kuezeka bati na kununua malori. Waingereza bado walikuwapo na hakuna aliyewaambia waondoke, angalau si kwa sauti. Alfajiri moja Mikidadi aliamka kwenda kutawadha, miguu mitupu, akakanyaga msumari. Msumari wake mwenyewe, ule mfupi wa soli. Akauchomoa, akapaka mafuta ya taa, akaenda kusali, akarudi kazini.

Mwantum alimwambia aende hospitali. Akasema kesho. Kesho yake akasema ana viatu vya karani wa posta, akivimaliza ataenda. Akavimaliza, vikaja vya mwingine. Niliporudi mimi kutoka safari zangu, mguu ulikuwa umejaa mpaka kwenye goti, vidole vimeanza kuwa vyeusi, na wateja walikuwa wanasimama mbali kidogo wakizungumza naye.

"Unanuka," nilimwambia.

"Ni gundi."

"Gundi naijua. Nalala nayo."

Watu wa soko wakasema kule juu mlimani, hospitali ya misheni, yuko daktari ana sindano mpya ya kuua usaha, tena anajua kukata na kushona. Mwantum akatoa fedha zake za vitumbua, akamfunga mguu kwa kipande cha kanga safi, akanikabidhi mumewe kama mtu anavyokabidhi mzigo wa glasi. Nikadhani safari imeanza. Kumbe Mikidadi anatafuta kiatu.

Alikuwa na jozi moja nyeusi aliyojishonea kwa Idi, ngozi ya ndama, soli mbili, uzi umekwenda sawa kama umechorwa. Alivaa cha kulia, akafunga kamba, akakipangusa kwa kiganja.

"Bwana wewe," nikasema, "unavaa kiatu kimoja unakwenda wapi?"

"Kwa daktari. Nataka ajue anashika mguu wa fundi."

"Si mguu huo atakaoshika!"

"Atauona."

Sikubishana. Ningejua, ningekitupa kile kiatu mtoni Rau pale pale.

Tulipanda lori la tajiri mmoja wa kahawa aliyeitwa Ildefonce. Nyuma tulikaa juu ya mabati, nauli tulilipa. Yeye mwenyewe alikuwa mbele karibu na dereva, mtu mnene, koti, kofia, na viatu vya rangi ya kahawia vinavyong'aa. Mikidadi, pamoja na homa yake, aliviona alipokuwa anapandishwa.

"Vya kiwandani," akaninong'oneza. "Soli ya kubandika. Masika ikija vitafungua mdomo."

Kabla ya kufika hospitali kuna kona kali, na kwenye kona ile lori likasimama. Ildefonce akateremka. Pembeni, chini ya migomba, kulikuwa na kibanda, na mbele ya kibanda yametandazwa majani makavu ya mgomba, na juu ya majani, viatu. Jozi baada ya jozi, vyeusi, vya kahawia, vya turubai, vya kike vyenye kisigino, kila jozi imefungwa pamoja kwa kamba ya mgomba na fundo lake. Bibi mmoja mkavu alikuwa amekaa kati yavyo anavuta ugoro. Ildefonce akavua vyake, akavua na soksi akazisokota ndani, akampa bibi kipande cha sabuni, akapanda tena lori pasipo kutazama mtu.

"Hii ni nini, bibi?" nikauliza kutoka juu. "Msikiti?"

"Msikiti wapi! Mimi ni Margareta, nimebatizwa," akasema. "Ninyi wageni? Kule hospitali mwenye viatu anatozwa shilingi kumi. Asiye na viatu, mbili. Aliyeweka sheria hiyo ni padri wa kwanza, roho yake ipumzike. Siku zile mwenye viatu alikuwa mangi, chifu wetu, na mwalimu, basi."

"Na sasa?"

"Sasa wanavyo wote. Ndiyo maana na mimi nimepata kazi." Akamwona Mikidadi. "Wewe baba, vua hicho, nikuwekee. Kimoja sitozi."

Mikidadi alikuwa anavitazama vile viatu chini kama daktari anavyotazama wodi. "Kile cha tatu kimeliwa kisigino upande mmoja," akasema. "Mwenyewe anatembea vibaya."

"Mikidadi, vua kiatu," nikamwambia.

"Sivui."

"Shilingi kumi hatuna."

"Nimekuja kutibiwa, sikuja kujificha. Nikienda peku watu watasema fundi viatu gani huyu."

"Watu gani? Nani anakujua huku?"

"Watanijua."

Dereva akapiga honi. Bibi Margareta akatikisa kichwa, akasema neno la Kichagga ambalo wanawake waliokaa nasi juu ya mabati walilicheka, na lori likaondoka.

Hospitali ilikuwa nyumba ndefu ya mawe, uwanja wake umemwagwa changarawe, na mlangoni kibao cha mbao kimeandikwa kwa rangi nyeupe: MWENYE VIATU SHILINGI 10. ASIYE NA VIATU SHILINGI 2. Chini ya kibao dirisha, na dirishani kijana nadhifu wa miwani, jina lake Wenseslaus. Yeye ndiye aliyekuwa anapokea fedha na kutoa kipande cha bati chenye namba. Bila kipande hicho huingii kwa daktari hata ukiwa umebeba kichwa chako mkononi.

Ildefonce alitutangulia. Alipita juu ya changarawe kama mtu anayepita juu ya makaa, anainua goti, anauma midomo, nyayo zake nyeupe na laini kama za mtoto.

"Tumsifu Yesu Kristo, mjomba," Wenseslaus akamwamkia.

"Milele na milele, amina. Nina jipu, mwanangu. Nikae wapi, sijui."

"Pole, mjomba. Viatu?"

"Viatu nitoe wapi? Mimi mkulima."

Wenseslaus hakucheka. Hata mdomo haukumchezacheza. Akapokea shilingi mbili, akampa bati la kwanza kabisa, akasema, "Pita mbele, mjomba."

Zamu yetu ikafika. Nilikuwa nimemshika Mikidadi kwapani.

"Jina la mgonjwa?"

"Mikidadi."

"Na wewe?"

"Shida."

"Shida nimeiona. Nauliza jina."

"Ndilo jina, bwana karani. Nilizaliwa mwaka wa njaa."

Akainama dirishani akatazama chini. Mguu wa kushoto kanga yenye madoa. Mguu wa kulia ngozi ya ndama inang'aa. Akarudi ndani.

"Shilingi kumi."

Basi nikaanza. Nikasema huyu ni maskini, kiatu amejishonea mwenyewe kwa vipande vya ngozi vya wateja. Nikasema fedha tuliyo nayo ni ya mkewe, ya vitumbua. Wenseslaus akanionyesha kibao. Nikasema homa inapanda, mguu unanuka, tia pua dirishani unuse mwenyewe. Akanionyesha kibao. Nikapiga magoti kwenye changarawe nikaanza kufungua kamba za kile kiatu, na Mikidadi, mtu aliyekuwa hawezi kusimama, akapata nguvu ya kunipiga kofi la kisogo.

"Acha kiatu changu!"

"Nitakiacha kitakapokuzika!"

Nikakivuta kikatoka. Nikamwinulia karani ule mguu. "Haya, hana kiatu. Chukua mbili zako."

"Alikuja nacho," akasema Wenseslaus. "Nimekwisha kukiona. Kuvua mlangoni ni mambo ya msikitini, mzee. Hapa ni hospitali."

Watu kwenye benchi wakacheka. Mikidadi akaninyang'anya kiatu, akakivaa tena, tena akakifunga kamba polepole. Nilitaka kulia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani kwanza.

Tukakaa benchini. Kushoto kwangu alikuwa Ildefonce, amekaa kwa upande mmoja kwa ajili ya jipu lake, ananyanyua unyayo huu na kuukung'uta changarawe, kisha huu. Kulia kulikuwa na mama mmoja aliyeitwa Flavia, ana mtoto mgongoni anayekohoa, miguu yake imepasuka visigino kama udongo wa kiangazi. Miguu ile haikuwahi kuacha kitu kwa Bibi Margareta.

"Mzee Ildefonce," nikasema, "lori ni lako?"

"La Mungu. Mimi nalitunza."

"Basi Mungu alipe kumi. Mbona analipa mbili?"

Akanigeukia. Hakuwa mtu mbaya, nasema kweli, alikuwa mtu aliyezoea kusikilizwa. "Wewe unatoka wapi?"

"Mjini."

"Mjini ni wapi? Kihamba cha baba yako, shamba la ukoo wenu, kiko wapi?"

"Sina kihamba."

"Ndiyo. Sikiliza sasa. Haya mawe unayoyaegemea yalitoka mtoni. Tuliyabeba sisi, kichwani, kutoka bondeni mpaka hapa. Mbao zilitoka kwenye vihamba vyetu. Padri alipotaka vitanda tulitoa kahawa, debe kwa debe. Ninyi wa mjini mlibeba nini? Mnakuja mmepaka mafuta, mmevaa viatu, mnataka bei ya mwenyeji. Hata iwe mia, mimi ningeona sawa."

Wachache wakaitikia. Lilikuwa neno lenye uzito, na mimi uzito wake niliusikia. Lakini nilikuwa na langu.

"Mabati ya nyumba yako yalifikaje Moshi?"

"Kwa treni."

"Reli ile nimeshika sululu mimi. Na barabara inayopita lori lako nimepasua kokoto zake, kidole hiki kimebaki kule. Nimewahi kuja kwako kukwambia mzee, barabara yangu hiyo, lipa? Kama kila mtu atatibiwa kwa mawe aliyobeba, basi kila mtu abaki na mawe yake tuone nani atapona."

"Wewe ulilipwa mshahara!"

"Na wewe hukuuza kahawa?"

"Mimi nilibeba," akasema Flavia. Alisema chini chini. "Nilibeba mawe hayo na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Mzee Ildefonce hakubeba. Alikuwa anahesabu safari zetu na fimbo mkononi."

"Flavia!"

"Si kweli? Nalipa mbili, na wewe unalipa mbili. Shilingi mbili zangu ni mkungu wa ndizi nilioupeleka sokoni peku. Zako ni sabuni ya kumpa Margareta. Na hao wenye kumi kweli, watu wa mangi, wanaingia kwa mlango wa nyuma, hawalipi hata moja. Nani amewauliza viatu?"

"Kumi, mbili, kila mtu alipe sawa, iishe," akasema mzee mmoja mwisho wa benchi.

"Sawa ipi?" akafoka mwingine. "Ikiwa kumi mimi nafia nyumbani!"

"Ikiwa mbili dawa itanunuliwa na nini?"

Hapo kukawa na kelele. Kichagga, Kiswahili, kikohozi, kila mtu anaelekeza kidole miguuni mwa mwenzake. Ildefonce akainua mkono kama mwenyekiti.

"Tusigombane mbele ya mgonjwa," akasema. Akamwinamia Mikidadi kwa upole. "Fundi, mimi nitakusaidia. Nitakuwekea hizo nane zinazopungua. Ukipona unishonee jozi moja nzuri, kama hicho ulichovaa. Tumeelewana?"

Mungu ni shahidi, mambo yangekwisha pale. Nilikwishafungua mdomo kusema ahsante. Lakini Mikidadi alikuwa amelaza kichwa ukutani, macho mekundu, na ulimi wake haukuwa na homa hata kidogo.

"Nitachukuaje kipimo, mzee?" akasema. "Miguu yako umeiacha kwa Bibi Margareta."

Benchi zima likaanguka kwa kicheko. Flavia alicheka mpaka mtoto akaamka. Ildefonce akageuka akatazama bonde. Na dirishani Wenseslaus akasimama, akavua miwani.

"Unamtukana mjomba wangu? Kwenye hospitali? Shilingi kumi! Na mkae mwisho wa mstari, na atakayekuja baada yenu ni mbele yenu!"

"Mikidadi," nikasema, "wewe ni mpumbavu."

"Najua," akasema. "Lakini amesikia."

Tukahamia mwisho. Watu wakaja, wakalipa mbili, wakatupita. Jua likapanda likatuacha bila kivuli. Mikidadi akaacha kusema, akaanza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha. Mstari mweusi ulikuwa umetoka nje ya kanga unapanda kuelekea kwenye goti. Nilikaa nikikitazama kile kibao kwa chuki. Nilikisoma tena na tena, kwa maana hapakuwa na kitu kingine cha kusoma. Mimi shule yangu ni ya vipande. Kwenye chuo cha Kurani nilikariri, kwa mapadri nilikaa mpaka nikatoroka, na kwenye mkonge karani mmoja wa Korogwe alinifundisha jioni jinsi maneno yanavyogawanyika, huyu na hawa, hiki na hivi. Nilikuwa sijawahi kuona faida yake.

Mchana ilipolia kengele ya sala, Sista akatoka wodini. Mzungu mrefu, mzee kidogo, aproni yake imetapakaa dawa. Watu wakainamisha vichwa. Alipomaliza kusali nikamkimbilia.

"Sista, kile kibao kinasema nini?"

"Unaweza kusoma?"

"Naweza. Nataka unisomee wewe."

Akasoma, kila herufi na mahali pake, Kiswahili kilichonyooka kama rula. "Mwenye viatu, shilingi kumi. Asiye na viatu, shilingi mbili."

"Viatu, Sista. Si kiatu."

"Ndiyo. Viatu."

"Sasa mtazame yule. Ana nini?"

Akamtazama Mikidadi, benchini, ameinama. Akatazama mguu mmoja, akatazama wa pili.

"Ana kiatu," akasema polepole.

"Kiatu anacho. Viatu hana."

Wenseslaus alikwisha kutoka nje mbio. "Sista, huyu ni msumbufu! Maana ya kibao kila mtu anaijua! Kiatu ni kiatu!"

"Hapana," akasema Sista, na uso wake ukapata nuru, nadhani alikuwa amekaa miaka akingoja mtu amuulize. "Kiatu siyo viatu, Wenseslaus. Ki ni umoja. Vi ni wingi. Nimekusahihisha jambo hilo mara nyingi sana katika barua zako. Mtu huyu hana viatu. Ni shilingi mbili."

"Lakini Sista..."

"Kibao kimeandikwa. Tunafuata kilichoandikwa."

Hakuuliza kama ni maskini. Hakuuliza homa ina muda gani, wala mtu mwenye bati la kwanza amefika na nini. Tulipona kwa herufi mbili. Nililipa zile shilingi kwa hasira iliyokosa pa kwenda.

Mikidadi hakuweza kusimama tena. Aliyekuja kumshika mabega ni Ildefonce, aliyekuwa amekwisha kutumbuliwa jipu lake na bado anangoja dawa. Alimbeba akipita juu ya changarawe, anauma midomo, mimi nimeshika miguu, na kile kiatu cha ndama kikinigonga kifuani kila hatua.

Daktari alifungua kanga, akanusa, akagusa juu ya goti na chini yake. Alikuwa kijana, amechoka.

"Mmechelewa," akasema.

"Hatukuchelewa, daktari. Tulikuwa hapo nje."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Akatazama dirishani. Benchi linaonekana kutoka pale, na kibao kwa nyuma. Kisha akaenda kunawa mikono.

Walimkata chini ya goti. Sijui kama ni zile saa za benchini zilizokula mguu, au zile siku za viatu vya karani wa posta. Mwantum alisema ni ukaidi wa mumewe. Watu wa soko walisema ni Wachagga. Mimi siku ikiwa nzuri nasema ni vyote, na siku ikiwa mbaya namlaumu yule padri wa kwanza ambaye alitaka wema tu.

Alipona, lakini. Alirudi kibarazani na gongo la kwapani, akaendelea kushona, na wateja wakaongezeka, maana habari ya miguu ya mzee Ildefonce ilishuka mlima kabla yetu. Hakuna aliyemwona Ildefonce akicheka habari hiyo, ila lori lake lilimchukua Mikidadi bila nauli kila alipotakiwa kwenda kuonyesha kidonda.

Mara ya mwisho nilikwenda naye mimi. Kwenye kona Bibi Margareta alituona akapiga kelele, "Kimoja bado sitozi, baba!" Mikidadi akampungia mkono, tukapita. Kiatu cha ndama kilikuwa kimepigwa rangi upya.

Mlangoni kulikuwa na kibao kipya. Mbao mpya, rangi bado inang'aa. MWENYE KIATU AU VIATU SHILINGI 10.

Nilisimama pale. Nimeshaona mengi katika kuzunguka kwangu, lakini nilishindwa hata kutukana. Walikuwa na hospitali nzima ya kutengeneza. Wamekaa kikao, wametafuta fundi seremala, wamenunua rangi, wakatengeneza hilo.

Mikidadi alisoma kwa zamu yake, midomo inamcheza.

"Wamenikumbuka," akasema. "Wameniandika ukutani."

"Twende zetu. Kidonda nitakufunga mimi."

"Ngoja."

Akaketi kwenye ngazi, akaweka gongo kando. Akafungua kamba za kiatu, pole pole, yeye mwenyewe. Nilitazama pembeni. Siku ile ya kwanza alinipiga kofi kwa ajili yake, na sasa anakivua bila kuombwa, na sikutaka kumwona usoni.

"Kishike," akasema. "Usikiweke chini, kuna vumbi."

Tukaenda dirishani, yeye anaruka kwa gongo na unyayo mtupu juu ya changarawe, mimi nimekumbatia kiatu. Wenseslaus alimwamkia vizuri, shikamoo, mguu unaendeleaje. Kisha akauliza kama kawaida.

"Viatu?"

"Hana," nikasema.

"Na hicho ulichoshika?"

"Changu."

Akainama dirishani akaitazama miguu yangu, miguu ambayo tangu mama yangu anizae haijapata kuingia kwenye kiatu cha mtu yeyote.

"Chako?"

"Changu, bwana karani. Na mimi siumwi."